Aiskrimu Lubumbashi: ya kaunta, ya mashine, ya hoteli, au ya mama wa kartie?

Mwezi wa kumi ndio mwezi wa kuyapima maduka ya aiskrimu ya Lubumbashi. Mvua bado haijanyesha sawasawa, joto la mchana linafika nyuzi 32 au 33, vumbi jekundu limetanda juu ya majani ya miembe, na umeme unakatika wakati ule ule friza zinapouhitaji zaidi. Duka linaloweza kukupa aiskrimu nzuri saa tisa alasiri ya mwezi huo litakupa nzuri mwaka mzima. Mwezi wa sita au wa saba hutajua kitu: usiku wa miezi hiyo baridi yetu hushuka hata chini ya nyuzi 10, wateja ni wachache, na hata friza mbovu inaonekana nzima.

Naandika kwa ajili ya wanaopanga kutoka: wazazi wanaopeleka watoto Jumapili baada ya misa au ibada, vijana wawili wanaotaka mahali pa kukaa na kuzungumza, mwanafunzi wa UNILU (Chuo Kikuu cha Lubumbashi) mwenye faranga za kuhesabu, dada anayeandaa siku ya kuzaliwa ya mtoto. Sitataja majina ya maduka. Mjini kwetu duka hubadilisha mwenye mali, mpishi na hata jenereta, huku kibao cha mlangoni kikibaki kile kile, na sifa ya mwaka jana inakuwa haina maana tena. Nitalinganisha aina za mahali, kwa sababu kila aina ina nguvu yake na ugonjwa wake, na hivyo havibadiliki haraka.

Kitu cha kwanza ninachopima ni baridi. Ladha naiweka nafasi ya pili, mapambo ya ukuta siyapi nafasi yoyote. Sababu yake ni hii: aiskrimu ni maziwa, mafuta, sukari na hewa, pamoja na chembe za barafu ndogo kiasi kwamba ulimi hauzioni. Chembe hizo zikibaki ndogo, chini ya mikroni 50 hivi, mdomoni unasikia ulaini mtupu. Umeme ukikatika na joto likapanda ndani ya friza, chembe ndogo ndizo zinazoyeyuka kwanza. Umeme ukirudi, maji yale hayatengenezi chembe mpya. Yanashikamana na zile kubwa zilizobaki, nazo zinanenepa. Jambo hilo likirudiwa mara kadhaa ndani ya wiki moja, unachotafuna ni barafu yenye sukari. Ladha ya vanila au chokoleti inaweza kuwa imewekwa na fundi hodari, lakini ulaini umekwisha, na kuigandisha tena hakuurudishi.

Na umeme wetu kila mtu anaujua. Kuna mitambo ya zamani ya Mwadingusha na Koni kwenye mto Lufira, kuna Nzilo na Nseke kwenye Lualaba upande wa Kolwezi, na kuna ule wa Inga unaosafiri kwenye waya wa kilomita karibu 1,700 mpaka Kolwezi. Wote unagombewa na migodi ya shaba na kobalti kabla haujafika kwenye friza ya mtu wa mjini. SNEL, shirika la umeme la taifa, inagawa, delestaji (kukata umeme kwa zamu) inazunguka kartie kwa kartie, yaani mtaa kwa mtaa, na mwenye duka la aiskrimu analazimika kuwa mfanyabiashara wa mafuta ya jenereta kabla ya kuwa mfanyabiashara wa maziwa. Ukiona aiskrimu ni ghali mjini, sehemu kubwa ya bei hiyo ni dizeli, au ni paneli za jua na betri ambazo mwenye duka bado anazilipia.

Kaunta ya kuchota, katikati ya mji

Hapa nazungumzia zile patiseri na saluni za aiskrimu za katikati ya mji, zenye kabati la kioo, vyombo vya chuma vilivyopangwa safu, na binti mwenye kijiko cha kuchotea. Ndizo ninazozipenda kuliko zote, na ndizo zenye tofauti kubwa zaidi kati ya moja na nyingine. Kaunta nzuri inakupa aiskrimu bora kabisa ya mji huu. Kaunta mbaya inakutoza bei ile ile na kukupa barafu.

Kabla ya kuagiza, simama mbele ya kioo na utazame. Aiskrimu iliyotunzwa ina uso mkavu usiong'aa, rangi imetulia, na alama za kijiko zinabaki wazi. Ukiona uso unang'aa kama umepakwa mafuta ya kujipaka, imeanza kuyeyuka. Ukiona ukungu mweupe wa barafu juu, imekaa siku nyingi au mlango unafunguliwa ovyo. Ukiona imejitenga na kingo za chombo na kuacha mwanya pembeni, imepata joto, hewa ikatoka, ikanywea, kisha ikagandishwa upya. Hiyo mimi siili, wala siwapi watoto wangu.

Kuna pia mtindo wa kuzirundika ndefu kama milima juu ya vyombo, na matunda yamechomekwa kileleni. Picha zinatoka nzuri sana. Lakini baridi ya kabati hukaa chini, ndani ya kisima cha vyombo, na kilichopanda juu ya ukingo kinakaa kwenye hewa ya uvuguvugu. Ili mlima huo usianguke, fundi huongeza mafuta magumu na viungo vya kushikilia. Mimi huenda kwenye kaunta zenye vyombo vilivyojaa mpaka ukingoni tu, na furaha yangu ni kubwa zaidi nikikuta vyombo vyenye vifuniko: hapo mwenye duka amechagua kutunza aiskrimu kuliko kuionyesha.

Halafu uliza. Watu wetu wanapenda kuulizwa kwa heshima. Mahali pamoja niliuliza, "Yaya, umeme ukikatika, jenereta inawaka yenyewe ao munaiwasha?" Binti akajibu akiwa anapangusa kijiko: "Inawaka yenyewe, papa. Hata sasa tuko ku jenereta." Nilikuwa sijasikia hata mlio, kwa sababu mashine ilifichwa nyuma ya ua. Aiskrimu yao ya vanila ilikuwa laini tangu kijiko cha kwanza mpaka chini ya kikombe. Jibu kama hilo lina uzito kuliko orodha ya ladha ishirini.

Orodha ndefu, kwa kweli, ni dalili ya kutazamwa kwa makini. Kaunta yenye ladha sita zinazokwisha kila siku mbili ni salama kuliko yenye ladha ishirini ambazo kumi na mbili zake hakuna anayeziagiza. Omba kuonja vanila kwanza. Kaunta nyingi zitakupa kijiko kidogo bila malipo. Vanila haina mahali pa kujificha. Chokoleti inafunika maziwa mabaya, kahawa pia, biskuti zilizosagwa zinafunika barafu, lakini vanila inasema yote.

Ukiionja, sikiliza ulimi wako, maana kuna mikwaruzo ya namna mbili. Ukihisi chembe zinazopasuka na kuyeyuka mara moja kuwa maji baridi, hiyo ni barafu, kazi ya delestaji. Ukihisi kitu kama mchanga laini ambacho hakiyeyuki upesi, kinabaki nyuma ya meno, hiyo ni sukari ya maziwa iliyojitenga, na mara nyingi inatokea fundi anapotia maziwa ya unga mengi mno. Maziwa ya unga yenyewe si dhambi. Katika mji ambao maziwa mabichi ni haba, karibu kila fundi anayatumia, na mwenye kipimo anatengeneza nayo aiskrimu safi. Mchanga mdomoni unakuambia kwamba kipimo kimemshinda, na kosa hilo SNEL haihusiki nalo.

Mashine ya aiskrimu laini

Hizi unazikuta kwenye sinaki, milangoni mwa supamaketi, na kando ya barabara zenye watu wengi. Mkono unashushwa, aiskrimu inashuka ikizunguka mpaka koni inajaa: nyeupe, kahawia, au zote mbili zimesokotwa. Watoto wangu hawajui kitu kingine kinachoitwa aiskrimu.

Nguvu yake kubwa katika mji wa delestaji watu wengi hawaifikirii. Mashine inagandisha pale pale, dakika ile ile, kwa hiyo haina historia. Haikulala kwenye friza, haikuyeyuka jana na kuganda leo. Inatoka kwenye nyuzi 5 au 6 chini ya sifuri, wakati ya kuchota hutolewa karibu na nyuzi 12 chini ya sifuri, na ndiyo maana inahisi laini na haikati meno. Kwa mzee mwenye meno yanayouma, au mtoto mdogo, mashine inashinda kaunta bila ubishi. Na bei yake ni ya chini: familia ya watu sita inaweza kula na kubaki na nauli.

Ugonjwa wake ni usafi. Juu ya mashine kuna tangi la maziwa yaliyochanganywa, na maziwa hayo lazima yabaki baridi, chini ya nyuzi 5 hivi. Umeme ukikatika kwa muda wa saa tatu na hakuna jenereta, tangi linapata uvuguvugu, na uvuguvugu wa maziwa yenye sukari ni shamba la vijidudu. Umeme ukirudi, mashine inayagandisha yale yale na kuyapa sura nzuri. Kugandisha hakuui vijidudu, kunavilaza tu. Kwa hiyo kanuni yangu ni moja: mahali pa mashine pasipo na jenereta, sili siku ya delestaji, hata kama umeme umerudi na foleni ni ndefu.

Mashine inatakiwa kufunguliwa na kuoshwa vipande vyake kila mara, si kupanguswa kwa nje tu. Tazama mdomo inapotokea aiskrimu. Ukiona mabaki makavu ya rangi ya manjano, au inzi wanajua njia, endelea na safari yako. Mahali pengine muuzaji alinifungulia kifuniko cha tangi mwenyewe kunionyesha, bila kukasirika. Maziwa yalikuwa meupe, yamejaa nusu, na ukingo ulikuwa mkavu na safi. Hapo nilinunua kwa wote, na tumerudi.

Jambo jingine: ina hewa nyingi. Koni inaonekana kubwa, lakini ukiisubiri kwenye jua la mwezi wa kumi inakwisha yenyewe kabla hujamaliza kutafuta kivuli. Ni ya kuliwa umesimama, haraka, na kitambaa mkononi.

Hoteli na bustani za mikahawa

Upande wa Golf na kwenye hoteli kubwa za mjini, aiskrimu inaletwa kwenye glasi ndefu, na kijiko kirefu, na biskuti juu. Bei iko kwa dola. Umeme hautikisiki, viti ni vizuri, choo ni safi, na hakuna atakayekuharakisha. Kwa vijana wawili wanaotaka kuongea, au kwa kumkaribisha mgeni wa heshima, au kwa kumpeleka mama mkwe, ninyi nendeni huko na msijute.

Kuhusu aiskrimu yenyewe sina maneno mengi. Mara nyingi ni ile ile ya ndoo inayouzwa supamaketi, imepambwa. Muulize mhudumu kama wanatengeneza wenyewe; wanaotengeneza husema kwa fahari na kukuambia leo kuna nini. Wasiotengeneza husema "tuko na vanila, chokoleti na fraizi", na hapo utakuwa umejua: unalipia kiti.

Friza ya supamaketi

Hii ni ya kupeleka nyumbani, na kwa siku ya kuzaliwa haina mpinzani kwa hesabu. Lakini ndoo nyingi zimesafiri. Zinazotoka Afrika Kusini zimepita zaidi ya kilomita 2,000 za barabara, zikavuka mipaka, na mwisho zikasimama Kasumbalesa, mpakani na Zambia, kwenye msururu wa malori. Wakati wote huo zilitakiwa kubaki kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri. Baadhi zinafika salama kabisa. Nyingine zimepata joto njiani, na nyingine zimeharibikia hapa hapa mjini, mlangoni mwa duka.

Namna ya kuchagua: kwanza tazama friza yenyewe. Ya kulala, yenye mlango wa juu, inatunza kuliko kabati la kusimama, kwa sababu hewa baridi ni nzito na haimwagiki ukifungua. Chukua ndoo za chini, si zile zilizopandishwa juu ya mstari wa kujazia. Bonyeza pembeni kwa kidole: ikibonyea, iache. Tikisa pakiti ya aiskrimu za kijiti. Kijiti kilichopinda kimeshayeyuka siku moja. Kisha inua ndoo mbili za lita moja, moja kila mkono. Aiskrimu inauzwa kwa lita, na hewa haina uzito. Marekani sheria inataka lita moja isipungue gramu 540 hivi. Hapa kwetu mkono wako ndio sheria. Nzito ina maziwa, nyepesi ina upepo.

Soma na maandishi. Kwenye pakiti za Kifaransa, kwa kanuni za watengenezaji wa Ulaya, "crème glacée" lazima iwe na angalau asilimia 5 ya mafuta ya maziwa, "glace au lait" angalau asilimia 2.5, na "sorbet" ni tunda, maji na sukari, bila mafuta ya kuongezwa. Neno "glace" peke yake linaruhusu mafuta ya mimea. Si sumu, lakini ukilipa bei ya maziwa upate maziwa. Mafuta ya mimea yanajulikana pia mdomoni: yanaacha utando juu ya kaakaa hata baada ya kunywa maji.

Ukishanunua, nenda moja kwa moja nyumbani. Ifunge kwa magazeti mengi au iweke kwenye glasieri (sanduku la kutunza baridi) pamoja na chupa za maji yaliyogandishwa. Kama friza ya nyumbani imejaa na hamfungui mlango, inaweza kutunza ubaridi karibu saa 48 bila umeme. Ikiwa nusu, saa 24. Kwa hiyo jaza nafasi tupu kwa chupa za maji siku mbili kabla ya sherehe, na watoto wazuiwe kuchungulia.

Mama wa kartie

Kenya (komini ya hapa mjini, si ile nchi), Katuba, Kamalondo, Ruashi: karibu kila barabara ina nyumba yenye friza, na mlangoni kuna mtoto anayeuza vifuko vya plastiki vilivyogandishwa. Marakuja (pasheni), tangawizi, embe kwa msimu wake, maziwa na sukari, siku nyingine karanga zilizosagwa ndani ya maziwa. Unang'ata kona ya kifuko, unafyonza. Kwa bei ya koni moja ya mashine unaweza kuwapa watoto wa jirani wote.

Wapo wanaosema hii si aiskrimu. Kwa kanuni za kiwanda ni kweli, haina hewa wala haikupigwa. Lakini ukiniuliza wapi Lubumbashi nimekutana na ladha ya tunda lenyewe, nitakutuma Kenya kabla ya kukutuma mjini. Kifuko cha marakuja cha mama mmoja wa huko kina mbegu nyeusi ndani, kina ukali unaokufumba jicho, na sukari imetiwa kwa mkono unaojua. Kaunta nyingi za mjini zinatengeneza "marakuja" kwa dawa ya chupa, na unaijua kwa rangi yake ya chungwa inayopiga kelele.

Delestaji nayo humjaribu kwa namna yake. Yeye hana jenereta. Umeme ukikatika anauza vyote kabla havijayeyuka, bei inashuka jioni, na kesho anatengeneza upya. Kwa sababu ni barafu tangu mwanzo, haipotezi ulaini ambao haikuwa nao.

Swali ni maji. Kipindupindu kimeisumbua Katanga mara nyingi, na nimeshasema kwamba kugandisha hakuui vijidudu. Kwa hiyo uliza bila aibu, tena mbele ya wateja wengine, ili na wao wasikie. "Mama, maji ulichemsha?" nilimuuliza huyo wa marakuja. "Nilichemsha jana mangaribi, papa, nikaacha ipoe usiku. Batoto yangu beko banakunywa hii hii." Ndoo ilikuwa na kifuniko, kikombe cha kuchotea kilikuwa na mpini, mikono haigusi maji. Asiyeweza kujibu hivyo, au anayejibu kwa hasira, mnunulie kitu kingine. Kwa watoto wadogo, wakati wa mvua hasa, chagua tangawizi iliyochemshwa badala ya vifuko vya maziwa, isipokuwa unamfahamu mwenye friza kama ndugu.

Nani aende wapi

Ukiwa na watoto wanne wenye haraka na mmetoka kuangalia wanyama pale Zoo, mashine yenye jenereta. Hawatakaa kimya kwenye kaunta kuchagua ladha, na utalipa bei ya kuchota kwa aiskrimu itakayoishia kwenye mashati.

Ukiwa peke yako au na mtu mmoja, na unaipenda aiskrimu yenyewe, nenda kaunta ya mjini, siku ya kazi, alasiri. Jumapili kuanzia saa kumi foleni zinakuwa ndefu, kioo kinafunguliwa kila dakika, na hata kaunta nzuri inachoka. Siku ya Jumanne binti ana nafasi ya kukuambia ipi imetengenezwa asubuhi.

Kwa wale ambao maziwa yanawasumbua tumbo, na katika watu wazima wa kwetu ni wengi kuliko wanavyokiri, usiende na wenzako kula kwa kuona haya. Agiza sorbe ya tunda kaunta, au kifuko cha mama. Lakini kaunta uliza kama kijiko kinaoshwa kati ya chombo na chombo, maana kile kibakuli cha maji ya kusuuzia kinakuwa cheupe kama maziwa kabla ya saa kumi na moja. Kaunta yenye bomba la maji yanayotiririka kwa ajili ya vijiko imeipita yenye kibakuli, hata kama ladha zinalingana.

Kati ya kaunta na hoteli, bei ikikaribiana, mimi ni mtu wa kaunta. Kati ya mashine na mama wa kartie, ninampa mama nafasi kwa tunda na mashine nafasi kwa maziwa. Kati ya ndoo ya supamaketi na ndoo ya kaunta, jaribu kwanza kuuliza kaunta: kadhaa zinauza kwa lita za kupeleka nyumbani, na kwa watoto kumi mnaweza kukuta tofauti ya bei ni ndogo kuliko mlivyofikiri, na safari yake ni ya barabara tatu, haikupita Kasumbalesa.

Kuna kitu kimoja ambacho sijakikuta kwenye kaunta yoyote ya mjini, nami nakisema hapa kwa matumaini kwamba fundi mmoja atasoma. Masuku. Ni matunda ya mwituni; kila msimu wa mvua akina mama wanayaleta kutoka msituni kwa mabeseni, yameiva, yana utamu wa asali na nyama yake ni laini tayari, kama imeumbwa kwa ajili ya kuchanganywa na maziwa. Tunatia fraizi za chupa kutoka ng'ambo huku masuku yanaozea kando ya barabara. Munkoyo nao, kinywaji chetu cha mahindi na mizizi, ule wenye ukali kidogo wa siku ya pili, ukigandishwa na sukari kidogo ungetoa sorbe ambayo mji mwingine hauna. Mama wa marakuja nilimwambia habari ya masuku. Alicheka, akauliza mbegu ataziweka wapi, kisha akasema nimletee beseni moja mvua zikianza.

Msimu huu, basi, mwenye kutaka kuanza kulinganisha aanze na tunda. Maembe yataanza kujaa sokoni mwezi wa kumi na moja. Nenda kaunta mbili tofauti, agiza sorbe ya embe kila moja, na uulize kama embe ni tunda lenyewe au ni la chupa. Tunda lenyewe lina nyuzi ndogo zinazobaki kati ya meno, na rangi yake haifanani siku mbili mfululizo.